Akili Unde Kazini: Kwa Nini Baadhi ya Wafanyakazi Husita Kujifunza Nayo

Muuguzi aliyehudumia wagonjwa kwa miaka ishirini akiambiwa kwamba kuanzia Jumatatu programu ya akili unde itakuwa ikimwonyesha alipokosea, si ajabu akinyamaza. Wakubwa wake huenda wakadhani anaogopa kompyuta. Huenda swali lake ni jingine: nani mwingine atayaona makosa hayo?

Akili unde ni programu za kompyuta zilizofunzwa kwa maandishi mengi mno, hadi zikaweza kujibu maswali, kusahihisha kazi na kutoa ushauri. Machi 2025, serikali ya kitaifa ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030, na ujuzi wa wananchi ni sehemu yake. Jambo hili linamhusu pia mkazi wa Garissa anayesubiri kwenye foleni, kwa kuwa yeye ndiye atakayehudumiwa na aliyefunzwa, au asiyefunzwa.

Funzo kutoka Nairobi

Katika kliniki za Penda Health jijini Nairobi, maafisa wa kliniki huandika maelezo ya mgonjwa kwenye kompyuta. Programu iitwayo AI Consult, inayotumia akili unde ya kampuni ya OpenAI ya Marekani, huyapitia kimyakimya. Kijani humaanisha hakuna tatizo, manjano kuna ushauri, nyekundu simama uangalie kwanza. Uamuzi hubaki kwa afisa. Toleo la awali lilimtaka afisa aombe ushauri mwenyewe, lakini foleni ikiwa ndefu, nani ana muda wa kuomba? Toleo lililofuata likawa linajitokeza lenyewe.

Mwaka 2025 mashirika hayo mawili yaliipima programu hiyo katika kliniki 15, kwa ziara 39,849 za wagonjwa. Mwanzoni, maafisa waliokuwa wakionyeshwa maonyo mekundu waliyaacha bila kurekebisha chochote karibu sawa na wenzao ambao hawakuonyeshwa. Kifaa kilikuwepo; utayari bado.

Agizo peke yake halikutosha kubadilisha mambo. Wenzao waliokwisha kuizoea programu waliwaelekeza hatua kwa hatua, na wasimamizi wakafuatilia matumizi na kuwapongeza waliofanya vizuri. Maonyo yaliyopuuzwa yakashuka hadi karibu asilimia 20, ilhali kwa wasioonyeshwa yalibaki karibu asilimia 40. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Tena, muda ulivyosonga, hata maelezo ya kwanza ya maafisa hao, kabla ya ushauri wowote, yaliibua maonyo mekundu machache zaidi. Walikuwa wanajifunza kazini, bila darasa. Hata hivyo, utafiti haukuonyesha tofauti ya uhakika kati ya wagonjwa wa pande hizo mbili katika kupata nafuu.

Hali ya Garissa

Garissa si Nairobi. Hulugho ni mbali na mji wa Garissa, na mtandao si wa kutegemewa kila mahali. Mgonjwa hueleza maumivu yake kwa Kisomali, afisa akayaandika kwa Kiingereza, na programu hizi hukijua Kiingereza kuliko Kisomali. Mfanyakazi anayekataa somo linalohitaji intaneti asiyoipata hawezi kuitwa mkaidi. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa simu kote nchini mwaka 2023, wanaripoti kwa simu hizo. Pengine wao ndio wa kuanza nao, kisha wawaonyeshe wengine.

Haki ya kuuliza

Anayealikwa kwenye mafunzo haya aulize alama zake zitaonwa na nani, na kama zitatumika kumpandisha cheo au kumwachisha kazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kujulishwa matumizi ya taarifa zake. Kifungu cha 35 kinamkinga dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine pekee, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo. Naye ana wajibu: asiandike jina wala nambari ya kitambulisho ya mgonjwa katika programu ya bure ya simu kwa sababu tu anajifunza. Sheria hiyo hiyo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.