Neno "Katoliki" Latudai Nini?

Mtoto wa mafundisho huko Kikwe, chini ya Mlima Meru, akimwuliza babaye, "Kwa nini twaitwa Wakatoliki?" haitoshi kumjibu, "Ndilo jina la dini yetu." Neno hili kabla ya kuwa jina lilikuwa sifa, na sifa ina maana yake.

Asili yake ni Kiyunani: kata, yaani "kwa kadiri ya", na holos, yaani "-zima". Yalipoungana yakawa katholikos, yaani "-a wote pia". Mtakatifu Inyasi wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2, ndiye wa kwanza tumjuaye aliyeliita Kanisa kwa sifa hiyo, alipowaandikia Wakristo wa Smirna. Walatini wakalipokea, wakasema catholicus.

Sarufi yake si ngeni kwetu. Katika Kilatini sifa hufuata jina: catholicus kwa jina la kiume, catholica kwa la kike, catholicum kwa jina lisilo la kiume wala la kike. Kwa kuwa ecclesia, yaani Kanisa, ni jina la kike, husemwa Ecclesia catholica. Nasi vivyo hivyo twasema mtu mtakatifu, kitabu kitakatifu, makanisa matakatifu. Lakini Katoliki, kama safi na hodari, halibadiliki likiwa sifa: Kanisa Katoliki, makanisa Katoliki. Linapogeuka kuwa jina ndipo lipatapo kiambishi: Mkatoliki, Wakatoliki, Ukatoliki.

Wazazi wapenzi, haya si mambo ya darasani tu. Jimbo la Arusha liliundwa mwaka 1963, likawa Jimbo Kuu mwaka 1999, na waamini wake ni wa makabila mengi: Wameru, Waarusha, Wachaga, Wamasai na wengineo. Basi asemaye, "Kigango hiki ni cha ukoo wetu," au amkataaye mkwe kwa ajili ya kabila lake, huyo amelikana neno analojiita. Amechukua sehemu, akaacha zima.

Mwanafunzi akiandika Ecclesia catholicus, mwalimu humsahihisha mara moja, kwani sifa haikupatana na jina. Kosa la daftarini hufutika upesi. La nyumbani hurithiwa na watoto. Tulisahihishe mapema, ili mtoto aulizapo maana ya Katoliki, aione mezani petu kabla hatujamjibu.