Dondoo muhimu: Kula vizuri Rusimbi, Kigoma, bila kuumiza mfuko

Wahi. Kwa mama ntilie, samaki aina ya mgebuka, hasa mnono, ndiye huisha kwanza. Ukifika saa tisa alasiri usinune ukiambiwa yamebaki maharage.

Uliza samaki ni wa lini. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wabichi huadimika. Siku hizo agiza wakavu, waliorostiwa kwa nyanya na vitunguu. Ziwa nalo hufungwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Bei ya kitoweo ikipanda nyakati kama hizo, usimlaumu mpishi.

Ukikuta sombe, usiipite. Ni kisamvu kwa mtindo wa ng'ambo ya ziwa, kilichotwangwa na kuchemshwa hadi kikalainika kabisa, mafuta mekundu ya mawese yakielea pembeni mwa bakuli. Ile kwa ugali wa muhogo. Ugali huo hunata, basi kata tonge dogo na ulichovye vizuri kwenye mchuzi. Kama tumbo lako halijazoea mawese, mwambie mama akupunguzie, hatakasirika.

Samaki mzima huuzwa kwa ukubwa. Mchague mwenyewe, mpatane bei kabla hajaingia kikaangoni, na uwe na noti ndogo, maana chenji asubuhi ni shida.

Pilau? Hiyo mimi ningeifuata Ujiji.