Mkorosho wa kando ya barabara: pima kabla kijiko hakijafika

Kiangazi kikianza huku kwetu Mtwara, simu zangu hubadilika. Badala ya kuulizwa salfa na ubwiri unga, naulizwa mti mmoja tu: ule ulioko kando ya njia. Mara linapita bomba la maji, mara greda linapanua barabara, mara nguzo za umeme zinaingia kijijini. Leo tujifunze namna ya kuokoa mti bila kuzuia maendeleo.

Nianze na kisa. Kijana mmoja alinipigia mwezi wa nane akiwa na wasiwasi. Mtaro wa bomba ulikuwa umepita mita moja tu kutoka kwenye shina la mkorosho wake bora kuliko yote, na kijiko kilikuwa kimechana mizizi ya upande mzima. Mti ulikuwa umejaa maua. Akaniuliza, "Bwana shamba, nipulizie dawa gani?" Nikamwambia ukweli, hakuna dawa ya mzizi uliokatika. Msimu uliofuata nusu ya mti ilikaukia juu.

Sasa tuelewane. Kijiji kile kilikuwa na shida ya maji kweli, na bomba lilihitajika. Kilichoniuma ni kwamba pembeni yake palikuwa na uwazi, na mtaro ungeweza kusogezwa. Hakuna aliyesema neno siku mafundi walipopiga vigingi. Mti huokolewa siku ya vigingi. Siku ya kijiko umeshachelewa.

Kwanza: jua umesimama kwenye ardhi ya nani

Kanuni za barabara za mwaka 2009, zilizotokana na Sheria ya Barabara ya 2007, ziliweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande. Ndiyo maana mnaona alama za X za rangi mbili. Nyekundu ina maana uko ndani ya hifadhi ya zamani, na hakuna fidia. Kijani ni kwa aliyekutwa kwenye eneo lililoongezwa, naye ana haki ya kulipwa.

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, vijiji na mitaa ya mjini ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017, na upana wa hifadhi yake ni tofauti, kwa hiyo waulize wao. Ukijua mwenye barabara, unajua pia wa kumwendea.

Pili: kanuni ya kamba

Mkorosho una mzizi mkuu unaokwenda chini sana, ila mizizi ya kulisha mti iko juu juu. Mingi iko kwenye sentimita 60 za mwanzo za udongo, na inatambaa kupita hata kivuli cha matawi. Kwa hiyo mtaro wa kina kifupi tu unatosha kuumiza mti mkubwa.

Chukua kamba, zungushia shina usawa wa kifua, kata. Urefu huo uzidishe mara nne. Shina lenye mzingo wa sentimita 125 linakupa mita 5. Hapo ndipo mtaro, kifusi na magari vinatakiwa viishie. Kanuni hii inafanya kazi pia kwa mikungu na miembe ya mitaani, iwe Mtwara mjini au Mikindani.

Siku ya vigingi, nenda na kamba yako na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Muombe msimamizi wa kazi asogeze mstari. Kusogeza kigingi ni kazi ya dakika chache, na mkandarasi anayeombwa kwa heshima na kwa kipimo husikiliza kuliko anayefokewa.

Tatu: kama mtaro lazima upite ndani

1. Karibu na mti watu wachimbe kwa mkono, kijiko kisogee pembeni.
2. Mzizi unaozidi unene wa kidole gumba usikatwe. Bomba lipitishwe chini yake.
3. Mzizi usioepukika ukatwe kwa msumeno mkali, usivutwe wala kuchanwa.
4. Mti usikatwe mizizi pande mbili. Utakosa chakula, na upepo utauangusha.
5. Mtaro ufukiwe siku hiyohiyo ikiwezekana, kisha mwagilia na weka matandazo.
6. Kifusi kisirundikwe kwenye shina.

Nne: muda

Hapa pana mgongano wa kweli. Mkandarasi anapenda kiangazi, maana udongo ni mkavu na magari hayakwami. Lakini mkorosho nao unachanua kiangazi hichohicho, na mavuno yanafuata kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi. Omba sehemu zenye miti ziachwe hadi mavuno yaishe, wao waanze na sehemu tupu. Matawi yanayogusa waya yapunguzwe baada ya mavuno, wakati ule ule tunapopogolea. Usipande juu na panga lako kukata tawi lililo karibu na umeme, waite TANESCO.

Tano: mti ukilazimika kuondoka

Tuseme ukweli, si kila mti unafaa kupiganiwa. Ulioziba kona ya barabara ukamficha mwenye bodaboda, uondoke. Lakini usiondoke kiholela:

- Hesabu na piga picha miti yako kabla ya siku ya tathmini.
- Uwepo mthamini anapohesabu, na soma fomu kabla ya kusaini.
- Usikate mti mwenyewe kabla haujaandikwa. Usioandikwa haulipwi.
- Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya Mthamini Mkuu kuidhinisha. Ikichelewa, kuna riba. Tunza nakala yako.
- Kama mti ulikuwa unazaa vizuri, chukua vikonyo ubebeshe kwenye miche. Watu wa TARI Naliendele ndio mabingwa wa kazi hiyo, na wako hapahapa kwetu.

Sita: wewe unayepanda sasa

Barabara ya lami kutoka Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, na ile ya Mnivata kwenda Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, zinapita katikati ya nchi ya korosho. Anayepanda mche leo kando yake anapanda kitu cha miaka 30 au zaidi. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, mstari wako wa kwanza uuanzie mita 36 kutoka katikati ya barabara, ili hata matawi yabaki kwako. Chini ya waya wa umeme usipande mkorosho kabisa. Na kwenye mkuza wa bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam, mti wenye mizizi mirefu hautakiwi.

Yule kijana wa kisa changu amekuwa mwalimu wa kijiji. Mafundi wa umeme walipokuja mwaka uliofuata, walimkuta barabarani na kamba mkononi. Nguzo mbili zilisogezwa, na mikorosho mitatu bado inazaa.

Kazi ya nyumbani: jioni ya leo zungusha kamba kwenye miti yako ya kando ya njia, andika vipimo kwenye daftari la shamba. Siku vigingi vikifika, utakuwa na cha kusema.