Maumivu ya Kano na Tiba Yake kwa Mazoezi

Msukuma mkokoteni wa soko la Tandale au la Temeke Stereo aamkapo akichechemea, kisigino kikimuuma kwa nyuma, aghalabu husema ameshikwa na mshipa. Kinachouma si mshipa wa damu, bali ni kano, yaani ule ukanda mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Maumivu ya namna hiyo humpata seremala kiwikoni na mpagazi begani. Vyama navyo yavihusu, kwa kuwa mwanachama aliyelala nyumbani hana cha kuweka akiba wala cha kurejeshea mkopo.

Zamani ilidhaniwa kwamba kano hiyo imevimba tu, na kwamba dawa yake ni mapumziko na vidonge. Uchunguzi ulionyesha vingine. Katika kano iliyouma kwa miezi, nyuzi zake hupoteza mpangilio, na kwa kuwa damu ifikayo humo ni chache, hupona polepole. Kuilaza kabisa huidhoofisha. Siku mwenyewe arudipo kazini, mzigo ule ule humwangusha tena. Kuichua kwa dawa kali hupoza kwa muda tu.

Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Umeå, nchini Sweden, na wenzake walitangaza matokeo ya wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino. Mgonjwa alisimama kwa ncha za miguu ukingoni mwa kidato cha ngazi, akakishusha kisigino kibovu polepole hadi chini ya ukingo, kisha akajiinua kwa mguu mzima. Alifanya hivyo mara 15, kwa mizunguko 3, goti likiwa limenyooka. Halafu vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo. Kazi hiyo ilikuwa ya mara 2 kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Zoezi lilipokuwa jepesi, aliongeza uzito mgongoni. Kwa mtu wa Temeke, mfuko wa mchanga watosha. Wote 15 walirudia kukimbia. Wagonjwa wa baadaye hawakupona wote, lakini hata waliochelewa hawakupoteza gharama kubwa. Ugumu hasa ni saburi.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Kipimo ni asubuhi ifuatayo: yakiwa yamezidi, uzito upunguzwe. Kazi nayo ipunguzwe, isiachwe; chama chaweza kumpa mwenye maumivu kuhesabu magunia badala ya kuyasukuma.

Sindano ya steroidi kiwikoni hutuliza kwa wiki chache, ila baada ya mwaka waliodungwa wameonekana kupona kwa uchache kuliko wasiodungwa. Tena, dawa ya siprofloksasini, inayonunuliwa ovyo madukani, yaweza kudhuru kano hata kuikata. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2008.

Mwenye maumivu ya wiki kadhaa aanzie hospitali ya Temeke au Mwananyamala, aombe kuonana na mtaalamu wa tiba ya viungo. Lakini aliyesikia mlio kisiginoni kama kijiti kikivunjika, akashindwa kusimama kwa ncha za vidole, asifanye zoezi lolote: apelekwe siku ile ile, maana kano imekatika.