SOMO LA MWEZI: NENO MOJA KIVUKONI

Kusoma: Waamuzi 12:1–6



Katika sura hii twasoma habari za ndugu waliopigana. Watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliamriwa kutamka neno moja, "Shibolethi". Mwefraimu alisema "Sibolethi", naye akauawa papo hapo. Walikufa watu 42,000, na wote walikuwa wana wa Israeli.

Tusidhani kwamba hayo yalikwisha zamani. Tuitazame nchi ya Kameruni. Kama Tanganyika, ilikuwa koloni la Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilikabidhiwa Waingereza, bali Kameruni ilikatwa vipande viwili: kikubwa kwa Wafaransa, kidogo, mpakani mwa Nigeria, kwa Waingereza. Kwa miaka 40 hivi kila upande ulifundishwa lugha yake na kuhukumiwa kwa sheria zake.

Upande wa Wafaransa ulipata uhuru tarehe 1 Januari 1960. Mwaka 1961 watu wa upande wa Waingereza waliulizwa kwa kura: Nigeria au Kameruni? Kusimama peke yao hakukuwamo katika swali. Kaskazini ilichagua Nigeria. Kusini ilichagua Kameruni, na serikali ya shirikisho ikaundwa. Mwaka 1972 shirikisho hilo likafutwa. Wasemao Kiingereza, ambao ni kama mtu mmoja katika watano, wakajiona wamemezwa.

Mwaka 2016 mawakili waligoma, kisha walimu. Walilalamika kwamba mahakimu na walimu wa Kifaransa waliletwa katika mahakama na shule zao. Watu wakakamatwa. Tarehe 1 Oktoba 2017 wenye kutaka kujitenga walitangaza nchi yao, Ambazonia, na vita ikawaka. Watu zaidi ya 6,000 wamekufa. Februari 2020, katika kijiji cha Ngarbuh, askari waliua raia zaidi ya 20, wengi wao watoto. Serikali ilikana kwanza, halafu ikakiri kwamba askari wake walihusika. Oktoba mwaka huo huo, mjini Kumba, watu wenye bunduki waliingia darasani wakaua watoto wasiopungua 7. Nao wapiganaji wa kujitenga walikataza watoto wasiende shule. Hivyo madai yaliyoanzishwa na walimu yakaishia kufunga madarasa.

Basi, je, ni lugha iliyoua? Kameruni ina lugha za wenyeji zaidi ya 200, na Kiingereza na Kifaransa zote mbili zilikuja kwa merikebu. Lugha peke yake haimwui mtu. Yageuka kuwa upanga pale inapowekwa mlangoni pa mahakama, pa shule na pa kazi, na asiyeijua akahesabiwa kuwa si mtu kamili. Naye aliyedharauliwa akishika silaha, huweka kivuko chake mwenyewe, na wa kwanza kuumia ni watoto wake.

Sisi tuliokuwa walimu tusiwanyoshee wenzetu kidole. Tulipata kumvika mtoto kibao shingoni kwa sababu alisema lugha ya shuleni haikuruhusu, na darasa zima likamcheka. Tuliita jambo hilo nidhamu. Leo twaona lilikuwa kivuko kidogo cha Yordani.

Lakini wako waliotafuta daraja. Mwaka 2018 Kardinali Christian Tumi, pamoja na mchungaji wa Presbiteri na maimamu wawili, waliwaita watu wa mikoa ya Kiingereza wakutane wazungumze. Mkutano huo haukufanyika. Hata hivyo wito wao ulikuwa wa haki. Siku ya Pentekoste Roho hakuwalazimisha watu wote waseme lugha moja. Kila mtu alisikia kwa lugha yake (Matendo 2). Huo ndio mfano wetu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi:

1. Kwa nini Wagileadi hawakuona kwamba Waefraimu ni ndugu zao?
2. Katika mtaa wetu, ni nani anayechekwa kwa matamshi yake?
3. Je, katika ibada zetu yuko asiyeelewa lugha tunayotumia? Tumfanyie nini Jumapili ijayo?

Tuiombee Kameruni, hasa watoto wake, warudi darasani kwa amani. Amina.