Kumfundisha Mbwa Kuketi: Funzo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika saikolojia ya elimu wanachuo hujifunza kwamba tendo linalofuatwa na tuzo huelekea kurudiwa. Kanuni hii ni rahisi kuikariri, lakini kuitumia ni kazi. Katika makala haya tutaifuata katika jambo moja dogo, yaani kumfundisha mbwa wa nyumbani kuketi anapoamriwa, kisha tutaona inavyolihusu darasa.

Hatua za kufundisha

1. Mfundishaji hushika kipande kidogo cha nyama karibu na pua ya mbwa, akakipitisha polepole juu ya kichwa kuelekea nyuma. Mbwa akiinua kichwa kukifuata, makalio yake hushuka.
2. Mara makalio yanapogusa chini, mbwa hupewa nyama.
3. Tendo likizoeleka, ndipo neno "Keti!" hutamkwa kabla tu ya mkono kuinuliwa.
4. Hatimaye nyama hutolewa mara moja moja, na sifa hushika nafasi yake.

Wakati wa kutoa tuzo

Hatua ya pili ndiyo ngumu. Mbwa akiketi, akasimama, ndipo akapewa nyama, amefundishwa kusimama, hata kama nia ilikuwa nyingine. Kwa sababu hiyo B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alipoandika mwaka 1951 juu ya kuwafundisha wanyama, alishauri kutumia kifaa kidogo chenye mlio. Mnyama huzoeshwa kwanza kwamba mlio hufuatwa na chakula. Baadaye mlio hutolewa papo hapo tendo linapotendeka.

Sasa tutazame darasani. Mwalimu amewaagiza watoto wanyooshe mikono kimya. Mmoja anapaza sauti, "Mimi, mwalimu!" naye anachaguliwa. Darasa zima limejifunza kupiga kelele, kwa maana mwalimu hufundisha kwa kile anachokituza kuliko kwa kile anachokiagiza.

Adhabu

Kumpiga mbwa asiyeketi hakumwonyeshi la kufanya. Humfundisha kumkwepa mpigaji. Kadhalika mtoto anayechapwa kwa kukosea hesabu hunyamaza, na mwalimu hupoteza njia ya kujua amekwama wapi. Mbwa akishindwa, mfundishaji mzuri huigawa hatua hiyo katika hatua ndogo zaidi. Mtoto naye astahili angalau hayo.

Mpaka wa mfano huu

Mbwa hahitaji kujua sababu ya kuketi. Mtoto huuliza "kwa nini?", na swali hilo ndilo mwanzo wa elimu. Anayetaja 7 × 8 = 56 bila kuweza kuonyesha mafungu saba ya vijiti vinane bado hajafundishwa vya kutosha.

Zoezi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwangalie mwenzako kwa kipindi kimoja. Andika matendo matano ya wanafunzi aliyoyasifu au kuyajali. Je, yanapatana na madhumuni ya somo lake? Jadilianeni.