Neno Moja kwa Mwaka Mzima

Mfunguo Nne uingiapo watu wa pwani huulizana habari ya mwaka: ni wa kheri au wa nuksi? Wazee wetu waliokwenda kwa hesabu ya Nairuzi waliuita mwaka kwa siku uliyoangukia, wakasema Mwaka wa Ijumaa au Mwaka wa Jumamosi. Kwa mkulima na baharia hiyo ni hesabu tu, wala haina ubaya. Ubaya huingia pale mpiga ramli anapoigeuza kuwa bishara ya riziki na mauti.

Sisi katika darasa letu twapendekeza jina la namna nyingine: kila mtu ajichagulie neno moja, aushike mwaka kwalo. Je, hii si bidaa? Ingekuwa bidaa lau tungaliiwekea sala, au thawabu maalumu, au usiku wa kukusanyika. Hapana lolote katika hayo. Ni njia ya mtu kuihesabu nafsi yake, na hilo limeamrishwa katika aya ya 18 ya Suratul-Hashri. Atakaye kuanza Rajabu na aanze Rajabu.

Sufyan bin Abdillahi alimwomba Mtume (S.A.W.) neno ambalo baada yake hatahitaji kumwuliza mwingine, akaagizwa kuamini, kisha kunyoka. Ameipokea Muslim. Mtu mwingine aliomba wasia, akausiwa asiwe na hasira. Akakariri ombi lake, akapewa jibu lile lile. Imo katika Bukhari. Tutazame vyema: huyu wa pili hakupewa neno la yule wa kwanza.

Basi neno halitafutwi kwa kufumba macho na kufunua Msahafu, wala kwa kuhesabu tasbihi. Hiyo ni ramli iliyovaa kanzu. Latafutwa katika aibu zetu. Mchuuzi wa Kongowea ajuaye kuwa kidole chake huilemea mizani, neno lake ni Amana, wala asikimbilie Subira kwa kuwa ni tamu mdomoni. Subira tumwachie asukumaye wenziwe kila alfajiri akiiwahi feri ya Likoni.

Hapa kwetu tunao mfano. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake Mombasa mwaka 1932, aliliita Al-Islah, yaani kutengeneza kilichoharibika. Neno likakaa kichwani mwa gazeti, na msomaji akawa na haki ya kuuliza: makala hii yatengeneza nini? Neno hilo limo katika aya ya 88 ya Suratu Hud, kinywani mwa Nabii Shuaibu (A.S.), alipokuwa akisema na watu waliopunja vipimo. Naye alilifungamanisha na kadiri ya uwezo wake. Twalipenda sharti hilo, kwani neno kubwa mno humtisha mtu, akalitupa kabla ya Mfunguo Tano kwisha.

Kila usiku kabla ya kulala mtu ajiulize: leo neno langu limenigharimu nini? Likipita mwezi mzima bila kumgharimu kitu, amechagua vibaya, alibadilishe. Tena amwambie mtu mmoja mwenye haki ya kumdai. Mwenye Amana amwambie mshirika wake dukani. Aliyeazimia kuzuia hasira amwambie mkewe, maana huyo ndiye atakayejua kabla ya mtu yeyote.